Kikishayeyuka, Bega Litashikwa na Nini?

Vijana wenye bega linalotoka mara kwa mara, wakishaelezwa habari ya upasuaji wa vishikizo vinavyoyeyuka, yaani vifaa vidogo vya plastiki vinavyoishikiza kwenye mfupa nyama ya bega iliyobanduka, karibu wote huniuliza swali moja: kikishayeyuka, bega litashikwa na nini? Wengine huuliza kwa wasiwasi. Wengine huuliza kama watu waliogundua kosa ambalo madaktari hawakuliona. Ni swali zuri kuliko wenyewe wanavyodhani, kwa sababu anayelielewa jibu lake ameelewa kwa nini bega linatoka, kwa nini upasuaji mwingine haushiki, na kwa nini mimi humkatalia mtu kurudi mlimani hata kama kidonda kimefunga na hasikii maumivu popote.

Jibu fupi ni kwamba litashikwa na nyama yake mwenyewe, iliyoota na kushikamana na mfupa wakati kishikizo kilikuwa bado kizima. Jibu refu linahitaji nafasi, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi. Sipasui. Waliopasuliwa huletwa kwangu mkono ukiwa umefungwa kifuani, na wasiotaka kupasuliwa huja wakitumaini nitawapa mazoezi ya kuwaepusha na kisu. Kwa hiyo bega nalionea pande zote mbili, kabla na baada, na nina msimamo wangu juu yake.

Mji huu unaishi kwa mabega. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, hubeba mzigo unaopimwa getini usizidi kilo 20, na wengi huuweka kichwani au nyuma ya shingo, mkono mmoja umeinuliwa kuushikilia. Barabara za kushuka kutoka Kibosho na Machame zina akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani kabla hakujapambazuka vizuri. Kuna wanaokata majani ya ng'ombe kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, na kuyapandisha kwa mgongo, kuna bodaboda ambao wakianguka hutanguliza kiganja, na kuna makipa wa timu za mitaani wanaodaka mpira wa juu huku mtu akiwagonga ubavuni.

Wote hao wana mkao mmoja unaofanana, na ni mkao mbaya kuliko yote kwa bega: mkono umeinuka, kiwiko kimerudi nyuma, kiganja kinatazama mbele. Mpagazi anayeshuka njia ya Mweka kwenye tope, mguu ukimponyoka, mwili huenda chini na mzigo huuvuta mkono nyuma. Hapo kichwa cha mfupa wa mkono hakina pa kwenda isipokuwa mbele.

Nyonga ya mtu imezama ndani ya mfupa wa kiuno, ndiyo maana haitoki ovyo. Bega limepewa uhuru badala ya kina. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kibonde kinachokipokea kwenye fupa la bega ni kidogo na kina chake ni kifupi, kiasi kwamba wakati wowote ni robo tu ya kichwa hicho, au theluthi ukizidisha, inayogusana nacho. Kinachosaidia ni ukingo wa gegedu ngumu unaokizunguka kibonde na kukiongezea kina kwa karibu nusu. Kano za mbele ya bega zimejishikiza kwenye ukingo huo. Juu yake kuna misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa na kukibana kibondeni kila mkono unaposogea. Hao ndio walinzi wote wa bega, na mlinzi mkuu, ule ukingo, ndiye wa kwanza kuumia.

Bega likitoka, zaidi ya mara tisa katika kumi hutoka kwenda mbele, na kwa kijana likitoka hivyo mara nyingi huubandua ukingo pamoja na kano zake kutoka kwenye mfupa. Georg Perthes wa Ujerumani alilieleza jeraha hilo mwaka 1906, lakini jina lililobaki midomoni mwa madaktari ni la Arthur Blundell Bankart, mpasuaji wa London, aliyeandika mwaka 1923 kwamba hicho ndicho kiini cha bega linalotoka tena na tena. Mwaka 1940 huko San Francisco madaktari wawili wa picha, Hill na Sachs, walieleza jeraha la upande wa pili: kichwa cha mfupa, kikiwa kimekwama nje, hujigonga kwenye ncha ya kibonde na kubonyea kwa nyuma. Kwa hiyo bega lililotoka mara moja tu linaweza kuwa tayari limebanduka mbele na kubonyea nyuma, ingawa likirudi mahali pake mtu anatabasamu na kuomba chai.

Tabasamu hilo ndilo linalodanganya. Bega limerudi, ukingo haujarudi. Mara nyingi hupona ukiwa umeteremka chini kidogo ya mahali pake, umelegea, na mlango wa mbele unabaki wazi. Kwa aliye chini ya miaka 20, uwezekano wa kutoka tena ni zaidi ya nusu, na kwa wanaocheza michezo ya kugongana ni mkubwa kuliko huo. Kwa aliyevuka 40 hatari ya kurudia hupungua, lakini inakuja nyingine, kuchanika kwa kano za ile misuli minne. Mama aliyeanguka kihambani, bega likarudishwa, kisha wiki kadhaa baadaye bado hawezi kuinua mkono kuvua kitambaa cha kichwa, asiambiwe ni uzee. Achunguzwe kano.

Nina neno pia kwa wanaorudisha bega njiani. Najua gari la wagonjwa halifiki kambini, na najua wapo wazee wenye mikono ya hekima waliorudisha mabega mengi kabla sijazaliwa. Siwadharau. Ninachoomba ni mambo mawili kabla mtu hajavutwa. Mguse sehemu ya nje ya juu ya mkono, pale pa kudungiwa chanjo, umuulize kama anahisi sawasawa na upande wa pili, kwa maana mshipa wa fahamu unaopita hapo huumia mara nyingi, na ni vizuri ijulikane kama uliumia kabla au baada ya kuvutwa. Na bega lililokaa nje kwa wiki kadhaa lisivutwe na mtu yeyote nje ya hospitali, hata awe na nguvu kiasi gani. Mfupa unaweza kuvunjika, na mshipa mkubwa wa damu wa kwapani unaweza kuchanika.

Kumfunga mtu bega lisitoke tena ni tamaa ya zamani sana. Maandiko ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, yanaeleza kuchoma ndani ya kwapa kwa chuma cha moto, ili kovu livute na kuziba nafasi ambayo mfupa hutokea. Kuna akili ndani ya ukatili ule, kwa sababu alijua kwamba kinachoshika bega ni kovu la mtu mwenyewe. Tatizo lilikuwa mahali pa kovu. Bankart alilipeleka mahali panapostahili: alifungua bega kwa mbele, akatoboa matundu kwenye ncha ya mfupa, akapitisha uzi na kuushona ukingo pale ulipobandukia. Ilikuwa kazi ngumu, kutoboa mfupa mdogo ndani ya shimo refu la nyama, na wengi walitafuta njia ya mkato. Wengine walikunja na kufupisha msuli wa mbele ili mkono usiweze tena kuzunguka nje. Bega halikutoka, kweli, lakini mkono ulikakamaa, na miaka ikipita kiungo kilichobanwa hivyo kililika. Johannesburg walipiga pini za chuma zenye miguu miwili, na mwaka 1956 du Toit na Roux walitoa taarifa ya miaka 24 ya kazi hiyo.

Chuma kinashika vizuri. Shida ni kwamba hakijui kuacha. Bega husogea maelfu ya mara kwa siku, na pini au parafujo iliyokaa milimita chache kutoka kwenye gegedu laini ikilegea kidogo huanza safari. Mwaka 1984 Zuckerman na Matsen wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 37 walioharibiwa na parafujo na pini za chuma mabegani: zilizolegea, zilizovunjika, zilizohama, zilizowekwa vibaya zikawa zinasaga kichwa cha mfupa. Wengi wao walilazimika kupasuliwa tena. Naipenda taarifa hiyo kwa uaminifu wake. Wapasuaji waliandika wazi madhara ya vifaa ambavyo wenzao walikuwa wakivitumia kila siku, na tangu hapo haikuwezekana tena kusema chuma begani ni jambo dogo.

Mwaka huohuo, huko Helsinki, Pentti Rokkanen na wenzake walianza kuunga mifupa ya kifundo cha mguu kwa vijiti vya plastiki ambayo mwili huimaliza wenyewe. Malighafi yake ilikuwa ndugu wa nyuzi za kushonea zinazoyeyuka, zile ambazo daktari hukuambia huhitaji kurudi kuzitoa. Wazo likahamia begani: kifaa kidogo, cha milimita chache kwa unene, kinachozama kwenye tundu lililotobolewa kwenye ncha ya kibonde na kuuvuta ukingo urudi mahali pake, ama kwa kichwa chake chenyewe ama kwa uzi unaotoka nacho. Siku hizi kazi hiyo hufanywa mara nyingi kwa kamera kupitia matundu madogo, na vishikizo vitatu au zaidi hupangwa kwenye ncha ya mbele kutoka chini kwenda juu.

Kuyeyuka kwenyewe si kama sukari kwenye chai, ingawa neno hilo ndilo tunalotumia. Plastiki hizi ni minyororo mirefu ya asidi zilizounganishwa. Maji ya mwilini huingia taratibu na kukata pete za mnyororo mojamoja. Kwanza kifaa hupoteza nguvu huku umbo likiwa bado lipo. Baadaye hugawanyika vipande, na vipande hivyo huwa asidi ya laktiki au ndugu yake, zile ambazo mwili unazijua tayari kwa kuwa misuli hutengeneza asidi ya laktiki mtu akipanda mlima mkali. Mwishowe huwa hewa ya ukaa tunayoipumua na maji. Hakibaki kitu cha kutolewa. Kipimo cha MRI baadaye huonyesha bega bila mng'ao wa chuma kuficha nusu ya picha, na ikibidi kupasua tena, daktari hakutani na parafujo njiani.

Hapa ndipo muda unapoamua kila kitu, na hapa huwaeleza vijana kwa mirunda, kwa sababu hakuna kijana wa Moshi ambaye hajawahi kuona zege la ghorofa likimwagwa. Mirunda hushikilia mbao, mbao hushikilia zege bichi, na siku zege likikauka mirunda inaondolewa na hakuna anayeuliza ghorofa litashikwa na nini. Lakini fundi akiing'oa mapema, kila mtu anajua kitakachotokea. Ukingo ulioshonwa huchukua takriban wiki 12 kushikamana na mfupa kwa nguvu ya kuaminika, na kishikizo lazima kibaki na nguvu muda wote huo.

Vishikizo vya kwanza vya begani havikuwa na subira hiyo. Vile vya plastiki iitwayo poliglikoneti, vilivyopata umaarufu miaka ya 1990, vilipoteza nguvu ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, wakati ukingo bado mchanga. Tena kwa kumumunyika haraka vilimwaga asidi nyingi kwa mkupuo, na baadhi ya mabega yalivimba kwa ndani na kuuma bila kuwa na kijidudu chochote. Watengenezaji wakaenda upande wa pili, kwenye plastiki ya laktiki inayochukua miaka. Hiyo ilishika vizuri, ila ikaleta mengine: kwa baadhi ya wagonjwa mfupa uliokizunguka kishikizo ulilika na kuacha mashimo, na vipande vigumu vilivyokatika vilizurura ndani ya kiungo na kukwaruza gegedu. Baada ya hapo vikaja vya mchanganyiko, plastiki pamoja na madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa, ili asidi ipunguzwe makali na mfupa upate kitu cha kuotea. Vingine vya sasa ni uzi mtupu uliofumwa, unaojikunja fundo ndani ya mfupa, ambao hauyeyuki kabisa ila ni mwembamba na laini.

Nayasema haya yote kwa sababu nimechoka kuona kijana akiambiwa kwamba cha kuyeyuka hakina madhara kabisa. Kina madhara yake, machache kwa wengi, na yanajulikana. Kwa maoni yangu ni maendeleo makubwa kuliko chuma ndani ya kiungo, na ningependa ndugu yangu awekewe hicho kuliko pini. Lakini kishikizo ni sehemu ndogo ya habari. Kikubwa zaidi ni mfupa uliobaki.

Aliwahi kuja kijana mmoja, mgumu wa njia ya Machame, mchangamfu, mkono imara kwa kuutazama.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Bega limeanza lini?"

"Muda tu. Ila siku hizi halinisumbui, nalirudisha mwenyewe. Nakaa chini, nashika goti kwa mikono miwili, naegemea nyuma taratibu, linaingia. Haliumi hata."

"Mdogo wangu, kutouma huko ndiko kunakonitia hofu."

Alinitazama kama niliyemnyang'anya kitu alichokuwa akijivunia. Njia yake ni sahihi, hata hospitalini hufundishwa, na si kosa kujua kujisaidia ukiwa umbali wa saa nyingi kutoka getini. Lakini bega linalotoka bila kuuma na kurudi bila taabu limekwisha pungukiwa na kitu. Kila linapotoka, kichwa cha mfupa husaga ncha ya mbele ya kibonde. Ukingo ukiisha huanza mfupa. Nimewahudumia watu ambao bega huwatoka wakivaa shati, au usiku wakivuta blanketi.

Mwaka 2000 Stephen Burkhart wa Texas na Joe de Beer wa Cape Town walichapisha matokeo ya mabega 194 waliyoyashona kwa kamera na vishikizo. Pale ambapo mifupa haikuwa na upungufu mkubwa, bega lilitoka tena kwa asilimia 4 tu. Pale ambapo mifupa ilikuwa imelika sana, lilitoka tena kwa asilimia 67. Wapasuaji ni walewale na mshono ni uleule, ila mfupa ulikuwa tofauti. Tangu niliposoma namba hizo sijaweza kumsikiliza mtu akizungumzia aina ya kishikizo kabla hajaniambia hali ya mfupa. Ukishona ukingo kwenye kibonde kilichopoteza robo ya upana wake, nyama mpya inaachiwa kazi iliyokuwa ya mfupa, na haiwezi.

Kwa bega la namna hiyo upo upasuaji mwingine, wa Michel Latarjet wa Lyon, wa mwaka 1954. Hukatwa kijimfupa kilichochomoza mbele ya bega, chini ya mtulinga, pamoja na misuli inayoning'inia kwacho, na kupachikwa kwenye ncha ya kibonde iliyolika. Mfupa unaongezwa, na misuli ile inakuwa mkanda wa kulizuia bega kwa mbele kila mkono unapoinuka. Kwa kawaida hufungwa kwa parafujo mbili za chuma. Ndivyo ilivyo: aliyechelewa sana, aliyeogopa chuma, anaweza kujikuta anahitaji chuma hasa.

Yule kijana nilimwomba akapige kipimo cha CT, picha inayoonyesha mfupa kwa pande zote, kabla hatujazungumza lingine lolote. Hakutaka. Aliona eksirei inatosha, na eksirei ya mbele peke yake ilionyesha bega zuri. Hili nalisema kwa kila mtu: ombeni picha ya pande zaidi ya moja. Picha ya mbele tu huficha mengi. Bega lililotoka kwa nyuma, kama linavyowatokea baadhi ya wenye kifafa baada ya degedege, au mtu aliyenaswa na umeme, huweza kupita kwenye picha ya mbele likionekana lipo mahali pake, mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu huku mkono umegoma kuzunguka nje.

Sasa, si kila bega linalocheza linahitaji kisu. Wapo waliozaliwa na viungo laini, mabega yote mawili yanalegea kila upande, hawakuanguka wala kugongwa. Wapo watoto wa shule wanaoweza kulitoa bega kwa makusudi na kuwaonyesha wenzao uwanjani. Hao ni wangu. Ukiwashona kabla hawajapewa miezi ya mazoezi ya kweli, unashona nyama ambayo itanyooka tena. Wanahitaji kufundishwa upya jinsi fupa la bega linavyokaa mgongoni na jinsi ile misuli minne inavyotakiwa kuamka kabla mkono haujainuka. Kazi hiyo inachosha, haina picha ya kuonyesha, na kwa wengi wao inaleta nafuu. Na wewe mwalimu au mzazi unayemwona mtoto akitoa bega ili achekwe, mkataze kwa upole leo.

Kwa upande wa gharama, sitataja bei, zinatofautiana na kubadilika. Vishikizo ni vya kuagizwa nje, kamera ya kiungo haipo kila hospitali, na watu wa Rombo au Same husafiri mbali kumfikia daktari bingwa wa mifupa. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971 kwenye mteremko wa juu ya mji, hupokea rufaa za kanda nzima ya kaskazini na foleni ya mifupa ni ndefu, ajali za pikipiki zikitangulia kama inavyopaswa. Nalotaka mtu aelewe ni kwamba kukosa kishikizo cha kisasa si kukosa tiba. Njia ya Bankart ya matundu na uzi, kwa kufungua mbele ya bega, bado ni tiba halali na bega lililoshonwa vizuri kwa njia hiyo hushika vizuri. Ukiambiwa na mpasuaji mwenye uzoefu kwamba atakufungua kwa mbele, usidhani unapewa cha maskini. Muulize amefanya mara ngapi na mfupa wako ukoje. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko jina la kifaa.

Baada ya upasuaji huanza sehemu ninayoijua vizuri, na ndipo mioyo huchoka. Mkono hufungwa kwa wiki tatu hadi sita, kwa kamba ya hospitali au kwa kanga iliyokunjwa vizuri, yote ni sawa. Vidole, kifundo na kiwiko vinasogezwa tangu siku ya kwanza. Kisha mgonjwa huinama, anauacha mkono uning'inie na kuuyumbisha taratibu. Kuzungusha mkono nje kunaongezwa kidogo kidogo, na ule mkao wa kuinua mkono na kurudisha kiwiko nyuma unabaki mwiko kwa muda mrefu. Kuanzia wiki ya 12 tunaanza kujenga nguvu kwa mpira wa kuvuta na vyuma vyepesi. Mzigo mzito juu ya kichwa, mpira wa kugongana, kudandia ukuta wa mwamba wa Barranco kule mlimani mkono juu, hayo yanasubiri takriban miezi sita, na kwa wengine zaidi.

Ugumu upo kati ya wiki ya sita na ya 12. Maumivu yameisha, kovu ni dogo, mtu anajiona mzima. Mpagazi hulipwa kwa safari anayopanda, hana mshahara wa kumngoja. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukifunguka na simu ya kiongozi wa safari ikilia, mimi ninayemwambia "bado" ninakuwa adui wa ada za watoto wake. Nalijua hilo na linaniuma kila mara. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya upasuaji, naomba aje na mke au mama au kaka, tukae tuhesabu miezi: nani atakata majani, nani atabeba maji, kama kuna kazi ya jikoni kambini au ya kupokea wageni mjini anayoweza kupewa. Tunapanga upasuaji uangukie mvua za masika, Machi hadi Mei, mlima ukiwa na wageni wachache. Nimeona familia zikilibeba jambo hili vizuri ajabu. Nimeona pia wakuu wa safari wakimpa mgumu wao kazi nyepesi hadi bega likomae, na laiti ungekuwa utaratibu wa wote badala ya huruma ya mmoja mmoja. Kampuni inayoweza kupima mzigo kwa mizani getini inaweza pia kuandika kwenye daftari kwamba fulani alitoka bega safari iliyopita na asipewe mzigo wa kichwani kabla hajaonekana na daktari.

Yule kijana wa Machame alirudi na kaka yake mkubwa, na bahasha ya CT mkononi. Mfupa ulikuwa umelika, ila si kiasi cha kumtoa kwenye kushonwa ukingo. Daktari aliamua hivyo baada ya kuangalia pande zote, na alimweleza hatari yake wazi, umri wake, kazi yake, kile kibonyeo cha nyuma. Alishonwa. Ilipofika wiki ya tisa alinipigia simu kuniuliza kama anaweza kubeba begi la mgeni, dogo tu, la mgongoni.

Nilimwambia hapana. Kaka yake alikuwa karibu, nikamsikia akisema, "Si nilikwambia?"

Kwa ambao tayari mmewekewa vishikizo vya kuyeyuka na mmesahau habari zake: picha ya baadaye ikionyesha tundu dogo kwenye mfupa pale kilipokaa, mara nyingi hilo ni jambo la kawaida, mfupa huchukua muda mrefu kulijaza na wakati mwingine haulijazi lote. Bega likianza kuvimba, kuuma usiku au kukwaruza ndani, hata kama ni mwaka au miaka miwili baada ya upasuaji na lilikuwa limetulia, rudi kwa aliyekupasua na umwambie ni aina gani uliwekewa. Angalia kama jina la kifaa na tarehe vimeandikwa kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa. Ipigeni picha kwa simu, kwa sababu karatasi hizo zinapotea.